Spana Inayosema Basi

Mjukuu wangu wa kike anafungua na kukaza magurudumu ya magari ya mbio. Nikisema hivyo kanisani kwetu Nyansurura, wanawake wenzangu wananitazama kama mtu aliyepitia kilabuni. Wacha watazame. Wajukuu zao wa kiume wanacheza pool tangu asubuhi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa. Lakini chuma nakijua. Mume wangu alipofariki aliniachia plau, ng'ombe wanne wa kulima na spana moja nzito ya kuulia nyoka. Mashamba yetu yana mawe. Plau ikigonga mawe kutwa, nati zinalegea, na ulimi wa plau unaning'inia kama jino la mzee. Kwa hiyo nati ya plau inakazwa namna moja tu: unashika spana, unachomeka bomba la chuma kwenye mpini ili uwe mrefu, halafu unapanda juu kwa mguu. Unakaza mpaka ilie. Isiyolia haijakazwa. Mjukuu wangu nimemlea kwenye plau hiyo. Alipokuwa darasa la tano yeye alishika bomba, mimi nikapanda.

Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka ufundi wa magari. Baba yake akakataa. Mimi nikamwambia baba yake, "Wewe nati ya kitanda chako tu imekushinda, unamkataza nani?" Mtoto akaenda chuo. Leo ana gereji yake Bomani, mjini Tarime, kibanda cha mabati kati ya gereji mbili za wanaume. Wale wanaume walimwachia pancha za bodaboda. Magari walichukua wao.

Sasa kuna bwana mmoja wa upande wa Nyangoto ana gari la mbio, jekundu, limelala chini hivi kwamba kuku hapiti chini ya tumbo lake. Huwa analipeleka Kenya kushindana. Jirani mmoja wa mjukuu wangu aliwahi kumbadilishia magurudumu, akamkwangulia rimu na kumvunjia bolti. Yule bwana akaja kwa mjukuu wangu akamwambia hivi: "Jumamosi naleta gari na magurudumu mengine ya mashindano. Ukinibadilishia yote manne bila kovu, nakuletea na wenzangu. Ukiharibu, kila mwenye gari hapa mjini atajua."

Jioni ile mtoto akanipigia simu. "Bibi, kazi nimeipata, vifaa sina. Nilivyo navyo ni vya bodaboda."

"Mke mwenza," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoitana, yeye na mimi mume wetu ni mmoja, marehemu babu yake, "mbuzi wapo. Nakuja."

Nikauza mbuzi, nikapanda gari la Tarime.

Dukani kijana muuzaji akamtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza, "Fundi amewatuma nini?"

"Fundi ndiye huyu," nikasema. "Mimi nimekuja kubeba."

Akashtuka. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Imechelewa lakini imefika."

Akatutolea spana ya msalaba, ile yenye midomo minne. Mjukuu wangu hata hakuigusa. Akasema mdomo wake mnene, na gari lile rimu zake zina matundu membamba, nati zimezama ndani kama macho ya mgonjwa; ukiingiza mdomo mnene unakwangua kuta zote. Akataka soketi yenye ukuta mwembamba, iliyovishwa plastiki kwa nje. Tena akataka yenye pembe sita ndani. Zenye pembe kumi na mbili, alisema, zinakula kichwa cha nati.

Kijana akaweka soketi mbili mezani, zote zinang'aa, zote sawa. Hapo nikaona zamu yangu imefika. Sisi jembe hatulinunui kwa macho. Unaligonga, unasikiliza. Nikachukua soketi moja nikaigonga kwa jiwe la mizani. Ikaimba. Nikagonga ya pili. Tuk. Kama kibuyu kilichopasuka.

"Bibi, utaniharibia mali!"

"Hii imeshaharibika kiwandani, mwanangu. Mimi nimekuambia tu."

Mjukuu wangu akatoa mfukoni nati ya akiba aliyoomba kwa mwenye gari. Akaitumbukiza kwenye ile iliyoimba, ikakaa kimya. Akaitumbukiza kwenye ile ya tuk, ikacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Alinitazama tu, akaweka kando ile iliyoimba, ya kununua. Nilitembea dukani humo kama mwenye duka.

Halafu kijana akaniletea kitu cha kunipoza: bunduki ya upepo. Ukibonyeza, inazungusha nati yenyewe, brrrr, unahisi mpaka kwenye meno. Nilipenda! Nikasema, "Tufungie hii."

"Hiyo hapana, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Hiyo haijui kuacha."

Akachagua kwanza mpini mrefu wa kufungulia, kisha kipande cha mpira cha kuweka juu ya jeki ili isiling'ate gari tumboni. Mwisho akafungua kisanduku kilicholaza spana moja ndefu yenye tarakimu kwenye mpini. Akanieleza. Unazungusha mpini mpaka kwenye kipimo cha gari lako, unakaza, na nati ikifika pale spana inalia kidogo mkononi. Hapo unaacha. Kufungulia nati hakuruhusiwi, utaharibu kipimo chake.

"Yaani spana inakuambia basi?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaitii?"

"Ndiyo, Bibi."

Spana hiyo ilimeza mbuzi karibu wote. Nilinunua kwa sababu aliyeitaka ni yeye. Kusema kweli, moyoni niliona tumenunua uvivu ndani ya kisanduku.

Jumamosi gari likaja, na majirani wakaja nalo. Wote wawili, na watu wao, wakasimama kwenye uzio wakitafuna miwa.

"Fundi mama, utavunja kucha!" mmoja akaita. Ni yule yule wa bolti.

"Kucha itaota, mura," nikamjibu, maana kwetu kijana ni mura. "Bolti uliyoivunja wewe imeota?"

Wenzake walicheka mpaka wakatema miwa.

Mjukuu wangu hakugeuka. Gari likiwa bado limekaa chini, akalegeza kila nati kidogo kwa ule mpini mrefu, taratibu, bila kuruka. Ndipo akaweka jeki na mpira wake, akainua kona moja baada ya nyingine. Akatoa magurudumu, akayalaza kwenye blanketi langu. Blanketi langu! Akapiga brashi kila bolti. Akapachika magurudumu ya mashindano, akazungusha nati kwa vidole kwanza, hii kisha ya mkabala wake, asifuate mduara. Akashusha gari. Akachukua spana ya kipimo.

Tik. Akahama. Tik. Akahama. Mkono mmoja, bila jasho.

Kwenye uzio wakaanza. "Ameishia hapo? Hiyo imekazwa au imesalimiwa?" Na yule wa bolti akasema, "Gurudumu litatangulia Sirari mpakani, gari litafuata kesho."

Neno hilo liliniingia. Nilimwona mtoto wangu barabarani na jina lake likibingirika mbele ya gari. Nati haikulia, mimi nimesikia kwa masikio yangu, imesema tik kama kiberiti. Yeye alikuwa ameenda nyuma ya kibanda na mwenye gari kufunga kwa kamba yale magurudumu yaliyotolewa. Nikachukua mpini wa kufungulia, nikatia soketi, nikaokota bomba lililokuwa limeegemea uzio, nikalichomeka. Nikachagua nati moja ya gurudumu la mbele. Nikapanda kwa mguu.

Ikalia. Iiiiii. Nikafurahi.

Mjukuu wangu alitokea nyuma ya kibanda mbio. Sauti ile anaijua tangu darasa la tano.

"Nani amekaza hii?"

Uzio wote ukatazama chini. Mwenye gari akakunja uso. Kwetu bibi wa umri wangu hajibu mashtaka mbele ya vijana. Ningenyamaza, wangenyamaza, na kosa lingemwangukia yeye. Nikasema, "Ni mimi. Kwa bomba."

Hakunigombeza. Alimgeukia mwenye gari. "Hii bolti inaweza kuwa imevutika. Naifungua mbele yako. Nikikuta imeharibika, gari haliondoki hapa leo."

"Na mashindano yangu?"

"Utayakosa. Shingo utabaki nayo."

Hapo nilisikia damu yangu ikizungumza kwa mdomo mwingine. Angeweza kusema haina neno. Mwenye gari angemwamini, angelipa na kuondoka akishukuru.

Akafungua. Akapiga brashi bolti, akaitazama kwa upande akiwa amefumba jicho moja. Akarudisha nati kwa vidole viwili tu, akaanza kuizungusha. Akaniambia baadaye kwamba bolti iliyovutika inakamata nati katikati, vidole haviipitishi. Wakati ule sikujua hilo, lakini nilivikazia macho vidole vyake. Nati ikaingia. Ikaendelea kuingia. Ikafika chini bila kukwama hata mahali pamoja. Kwenye uzio hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Nzima," akasema. Kisha akanipa spana ya kipimo. "Bibi, shika. Vuta polepole."

Mbele yao wote. Nikavuta. Nikasubiri ilie, ikanigonga kiganjani, kitu kidogo, kama kifundo cha kidole kinapoalika. Nikaacha. Mikono yangu imekaza chuma miaka yote hiyo na haijawahi kuambiwa basi na chochote.

Mwenye gari akatikisa kichwa. "Kumbe mpo wawili."

Mjukuu wangu akamwambia aendeshe mpaka Sirari, ageuze, arudi akaguliwe tena, maana magurudumu yakitoka kupachikwa lazima yapimwe mara ya pili. Gari likanguruma, likaondoka.

"Huyo harudi," akasema yule wa bolti. "Anaenda kwa mafundi wa Kenya moja kwa moja."

Mjukuu wangu alijifanya anapanga soketi. Ilikuwa moja, lakini aliipanga. Mimi nilinunua mahindi ya kuchoma na sikuyamaliza. Kila lililonguruma barabarani lilikuwa lori.

Akarudi. Vumbi mpaka kwenye vioo. Mjukuu wangu akapita nati zote na spana yake, na kila moja ikasema tik pale pale alipogusa, hakuna iliyosogea hata unywele. Mwenye gari akachuchumaa kwenye kila rimu, akapitisha kidole ndani ya matundu, akitafuta kovu. Alitafuta sana, yule bwana. Alipokosa akasimama, akatoa simu, akampigia mwenzake.

"Lete lako Bomani," alisema. "Ndiyo... Hapana, ni mwanamke... Sikiliza, mimi nimetoka Sirari sasa hivi na gari limekaa barabarani kama limepigwa misumari. Lete."

Wiki iliyofuata yakaja mawili, yote yamelala chini. Mimi nilibaki Tarime kuyaona. Mahindi yangu Nyansurura yalichelewa kupaliliwa, majirani wakasema nimekuwa mvivu uzeeni, nami nikawajibu kwamba nina kazi mjini, ya kumshikia fundi spana.