Honi Ambayo Sikumwomba Mume Wangu

Miaka ya themanini ilipoanza, kazi yangu ilikuwa kushika redio ya mawasiliano katika ofisi moja ya maji hapa Isiolo. Chumba kimoja, meza, redio, na dirisha linalotazama msikiti. Kutwa nzima nazungumza na watu nisiowaona, jioni napika ugali wa mtu mmoja. Mume wangu alikuwa dereva wa ofisi hiyohiyo, mbali upande wa Merti. Gari lake lilikuwa na redio, kwa hivyo ndoa yetu ilikuwa ya alasiri, dakika tano, huku stesheni zote zikisikiliza.

Kabla ya hapo tuliwahi kuchezewa shere. Mtu alijidai yuko Merti, akaagiza dizeli, kumbe ameketi hapa mjini. Tangu siku hiyo sikuamini maneno matupu. Ukiniita, nakuambia, "Piga honi." Redio haichelewi, lakini sauti ya kawaida inatembea kwa miguu. Honi ikisikika redioni peke yake, uko mbali, haya, tuendelee. Ikisikika redioni, halafu ikaja na dirishani, nahesabu sekunde za katikati: kila tatu ni kama kilomita moja. Madereva walinung'unika kwamba mama huyu ana roho ya askari jela. Wanune tu. Hakuna aliyenidanganya tena.

Mume wangu peke yake sikumwomba honi. Ningemwaibisha bure mbele za watu.

Mwaka ule wa mvua nyingi aliniambia mto umefurika, barabara imekatika, hawezi kuja. Wiki ya kwanza nilimpa pole. Wiki ya tatu nilifua tena shati lake ambalo lilikuwa safi, ili tu niwe na kitu chake cha kuanika.

Alasiri moja akaniita. "Mama, bado tumekwama Merti," akaanza, akaendelea kueleza habari za matope bila kuachia kitufe cha kusemea. Dirishani kwangu muadhini alikuwa anaadhini kwa kipaza sauti. Wiki hiyo alikuwa na mafua, akakohoa mara mbili katikati. Kisha redioni, nyuma ya sauti ya mume wangu, nikasikia adhana ileile na kikohozi kilekile, mara mbili. Kichwa changu kilikuwa kimeshahesabu kwa mazoea. Sekunde sita. Kilomita mbili, yaani Burat, hapahapa pembeni mwa mji.

"Unanipata, mama? Ova."

"Nakupata vizuri sana, mzee. Sijawahi kukupata vizuri hivi. Ova."

Kumkosa mtu aliye mbali nilikuwa nimezoea. Lakini Burat ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Jioni ile nilikaa mlangoni nimevaa viatu mpaka giza likaingia, na sikwenda. Niliumia, sitaki kudanganya.

Kesho yake akaniita wakati uleule. Nikafungua dirisha lote.

"Piga honi, mzee," nikamwambia.

Stesheni zote zilikuwa zinasikiliza. Hakupiga.