Gari la Viti Vitano

Gari lile nililichagua mimi. Watu watasema mnunuzi ni bosi, lakini jibu lililolinunua lilitoka mdomoni mwangu, na tangu siku hiyo mdomo huu siuamini.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja huko Umm Salal, nje ya Doha, Qatar, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Baba, ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba, alikuwa amenunua karavani, nyumba nzima juu ya magurudumu, yenye vitanda, friji na jiko la gesi. Msimu wa baridi familia za huko huenda kupiga kambi jangwani, na gari lake la zamani lisingeivuta hata kuitoa getini. Alijua kwamba kabla ya Doha niliendesha trela kutoka Mombasa hadi Malaba. Basi asubuhi moja akaniambia twende wote, nimchagulie gari.

Hebu fikiria! Miaka mitatu mtu huyu ananiambia "yalla" na "ngoja hapa" tu, leo anataka maoni yangu. Kichwa kikanivimba. Nilikimbia kwenye dirisha la jikoni kumwambia dada wa kazi, Mkenya mwenzangu kutoka Busia. Jikoni mimi sikuruhusiwa kuingia, kwa hiyo kila asubuhi alinipitishia chapati pale dirishani.

"Haya basi, mtaalamu!" akacheka. "Lakini usinisahau, kaka. Nimechoka kubanwa nyuma na mizigo kama gunia."

"Wewe tena? Kiti chako ni cha dirishani."

Dukani tulionyeshwa magari mawili. La kwanza lilikuwa refu, lina safu tatu za viti. La pili lilikuwa na viti vitano tu, lakini lilikuwa na injini kubwa zaidi, nyuma kuna nafasi ya mahema na jenereta. Nikaingia uvunguni na shati langu safi, nikagonga chuma cha kuvutia trela. Nikamweleza Baba kwamba kuvuta si kazi, kazi ni kusimama, maana trela ikilizidi gari uzito, trela ndiyo inayoendesha. Baba alitikisa kichwa kukubali kila nilichosema. Wallahi, siku ile nilijiona mtu.

"Hili lina viti vitano," Baba akasema. "Sisi wangapi?"

Nikahesabu vidoleni palepale: yeye, mkewe tuliyemwita Mama, watoto wawili, na mimi.

"Watano, Baba."

Sikusita hata kidogo, na hapo ndipo panaponiuma. Ningemwacha dada makusudi, ningejua mimi ni mtu mbaya, yakaisha. Lakini hakunijia akilini. Nilikuwa nimekaa nyumba ile mpaka nikahesabu watu jinsi wao walivyohesabu. Nilimkumbuka niliporudi, aliponyoosha shingo dirishani kulitazama gari jipya akaniuliza kiti chake kiko wapi. Nikamwambia Baba ndiye aliyelitaka lile. Nilimdanganya huku natafuna chapati yake.

Safari ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Sisi watano tulipoenea, Mama akamwonyesha dada mlango wa karavani, aingie humo ashikilie vyombo visivunjike. Dereva yeyote anajua kwamba mtu hapandi ndani ya kitu kinachovutwa.

"Baba, hii hairuhusiwi," nikasema.

"Si mbali. Endesha polepole."

Mlango nikaufunga kwa nje, kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulipofika Al Wakrah nilisimama kutia mafuta, nikagonga ubavu wa karavani. "Upo?"

"Nipo, kaka. Na sufuria zako pia zipo."

Lami ilipoisha nikashuka kupunguza upepo wa magurudumu yasizame mchangani, nikagonga tena. Alichelewa kujibu. "Nipo. Natapika tu."

Nikarudi kwenye usukani. Kwa nini nilirudi, sijui mpaka leo. Gari lilipanda mchanga bila kulalamika, kama nilivyomwahidi Baba. Kule nyuma sikusikia chochote. Gari dhaifu lingenivuta shati, lingeniambia karavani inarushwa huku na huku, lakini lile lilikuwa na nguvu za kunificha kila kitu. Baba akapiga dashibodi kwa kiganja, "Zen, zen," yaani safi sana, na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Tulipofika kambini niligonga, kimya. Nikafungua. Friji ilikuwa imeng'oka ukutani, imeubana mkono wake wa kulia kwenye jiko. Alikuwa macho, wala halii. Kwa miguu alikuwa amelizuia sanduku la vyombo.

"Sahani zote nzima," akaniambia. "Mwambie Mama."

Kwenye kliniki Baba aliniagiza niseme dada ameanguka jikoni, nikasema. Vidole vitatu havikukunjika tena, na mtu wa vidole viwili hakandi unga wala hafui. Hazikupita wiki nyingi, akakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani. Kosa lake hakuambiwa, maana hakuwa nalo. Siku zote hizo alikuwa akinishukuru kwamba siku ile niliendesha polepole, na mimi nikizipokea shukrani hizo, sikumwambia nani alihesabu watano.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi, tukiwa peke yetu, kwa gari lile lile. Nikampakia begi, nikazunguka kwenye usukani, nikawasha. Nikangoja. Nilipotazama kioo nikamwona bado amesimama nje, mkono mbovu ameukumbatia, anaviangalia viti vinne vitupu kupitia kioo cha mlango.

Nikashusha kioo. "Twende, dada. Mbona huingii?"

"Kaka," akaniuliza, "mimi nikae wapi?"