Salamu Zilizovunja Kiungo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile kisiwa cha Anzuani kilipojitenga na serikali ya Moroni, niliambiwa kwamba serikali imemficha askari ndani ya waya za simu pale Ikoni, jirani na Moroni, asome kila kinachokwenda Mutsamudu na kurudisha asichokipenda. Aliyenieleza ni muuza samaki wa mtaa wa Badjanani. Nami nikasadiki kama nimesomewa msikitini.

Meli zilikuwa zimesimamishwa. Mimi niko Moroni, mchumba wangu Zalhata yuko Mutsamudu, ng'ambo kule Anzuani, na mjomba wake Bakari, mwenye neno la mwisho juu ya ndoa, anataka kuiona barua ya posa yenye saini za wazee wangu kabla ya Ijumaa. La sivyo, kuna kijana wa Patsy, kijiji cha mlimani juu ya Mutsamudu, ameshateremka kwa miguu na wazee wanne. Yeye hakuhitaji meli.

Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya kompyuta, cheti kikubwa kama mlango. Picha ya barua ilikuwa nzito kwa sanduku la baruapepe la mjomba, hivyo nikaiweka kwenye tovuti, nikamtumia kiungo. Faili nililiita "barua ya posa". Akajibu kwamba ukurasa haupo. Nikajua ni yule askari. Dawa yake ni adabu. Nikabadilisha jina: "kwezi mjomba, barua ya posa", maana kwezi ndiyo shikamoo yetu. Haupo. Nikaongeza: "kwezi askari, hujambo? barua ya posa ipite". Jina likawa refu kuliko hotuba ya Ijumaa. Mjomba akaandika kwamba amebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Kama ukoo wetu hauna barua, tuseme.

Alhamisi asubuhi nikaimeza aibu, nikaenda kwa Bi Mariama, mwalimu wangu wa jioni. Mficha uchi hazai, na mimi kuzaa nilikutaka sana. Akalisoma jina lile mara mbili, akavua miwani, akaifuta.

"Baba, hamna askari," akasema. "Ukiacha nafasi tupu kwenye anwani, kiungo kinakatika hapo hapo, na mjomba wa watu anabonyeza kipande. Ukiweka alama ya kuuliza, kompyuta inadhani jina limeishia hapo. Kila nafasi iandike %20, na alama ya kuuliza iandike %3F."

Akaandika mwenyewe. Salamu zangu zikawa kama nyayo za kuku, nikazituma hivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri mjomba akajibu: "Imefunguka. Saini za wazee wako nimezitambua. Njoo meli zikiruhusiwa. Lakini huyo askari ni nani kwenu?"

Haya nayaandika nyumbani kwa Zalhata, sasa mke wangu, naye ananiambia nimeongeza chumvi. Kidogo tu.

Mwanangu, heshima si utumwa, lakini ina mahali pake: iweke ndani ya barua. Anwani iache fupi, na ikilazimu kubeba nafasi au alama, zibadilishe kama nilivyofundishwa. Kazi yako ikivunjika, ukague kwanza mkono wako kabla ya kumtafuta adui. Na ukishindwa, uliza, hata kama cheti chako kinafunika ukuta. Mola akujaalie mwalimu asiyekucheka mbele za watu, na kila unachokituma kwa nia njema akifikishe. Amin.