Neno la Kumi na Saba

Harufu ya kakao inayochachuka chini ya majani ya migomba ni tamu na kali kwa pamoja, kama pombe iliyosahauliwa. Ikichanganyika na harufu ya udongo mbichi wa kufinyangia, hukaa puani mpaka usingizini. Nimeishi Tunduma, Songea, Mwanza na miji mingine ambayo sikumaliza hata msimu mmoja, lakini nikikutana na mojawapo ya harufu hizo narudi papo hapo kijijini kwetu Ipyana, nyuma ya jiko la mama, nina karatasi ya nomino arobaini mkononi na simwamini mtu yeyote.

Nilikuwa darasa la saba. Juu milimani kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyochagua wanafunzi kwa mtihani wake yenyewe, na katika Kiswahili kulikuwa na sehemu nzima ya visawe: unapewa nomino, unaandika nyingine yenye maana ileile. Mwalimu wetu alipata orodha ya kujifunzia, imechapwa kwa stensili na wino umefifia, akatupa nakala moja sisi watahiniwa watatu tuinakili. “Watachukuliwa wachache,” alisema, “na sijui kama hata mmoja atatoka hapa.” Maneno hayo yalitosha kunitia sumu. Jirani yangu wa dawati alipoandika “dhoruba” mbele ya “tufani”, nilikwenda kwanza kwa mwalimu kuhakikisha, nikidhani ananipotosha ili nianguke. Hakuwa ananipotosha. Sikumwomba radhi, na kuanzia siku hiyo niliandika nikiwa nimelifunika daftari kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani tulisema Kinyakyusa, na Kiswahili tulikiacha kwa shule, soko na kanisa. Mama ndiye pekee aliyekuwa nacho cha kutosha. Alizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, na ujana wake wote aliuza vyungu bandarini Itungi, meli zilipokuwa zikipakia abiria. “Huyu anaita chungu, yule nyungu,” alikuwa akisema. “Ukijua moja tu, wa pili anakupita.” Baba alikuwa baharia wa meli hizohizo, akija nyumbani siku chache na kuondoka. Kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa jioni. Udongo aliletewa na mjomba, kwa mtumbwi mpaka Itungi kisha kwa baiskeli. Nikishauponda, mama aliuviringisha kuwa kamba nene na kuzipandisha moja juu ya nyingine, na kwa kila kamba tulifanya neno moja. Mimi nilitaja namba, yeye alisoma neno pale kwenye karatasi, akanipa ndugu yake, akailaza kamba na kuilainisha kwa kidole gumba. Shida: dhiki. Kabila la maneno lilikua na chungu kikakua.

Ila namba kumi na saba aliiruka. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya pili alisema tena, “Nenda kumi na nane.” Siku ya tatu nilipoing’ang’ania, alinawa mikono akaenda kutazama moto uliokuwa hauna haja ya kutazamwa. Nilianza kumchunguza. Niligundua pia kwamba lile neno “kisawe” lenyewe halikuwahi kutoka kinywani mwake. Yeye alisema “ndugu wa neno”, nami nikaona huo ni uzembe wa makusudi.

Wa kunisaidia kuona mabaya hakukosekana. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameachana na mumewe na kurudi kwao, akawa na macho ya kila chungu cha nyumba ile. Alinikuta nimenuna penye mkeka wa kakao.

“Mamako anajua maneno ya meli nzima,” alisema, “hilo moja tu ndilo limshinde?”

“Labda halijui.”

“Halijui!” Alicheka kwa pua, kisha akaniita kwa jina langu. “Tumpe, mwanangu. Ukienda bweni, huo udongo ataponda nani? Mimi? Kikulacho ki nguoni mwako.”

Mtu akikupa dhana na sababu yake kwa mpigo mmoja, huna tena kazi ya kufikiri. Usiku na mchana nililiona jambo hilo: mama anataka nianguke. Hata wali alioniwekea mwingi niliutazama mara mbili.

Hapa lazima nimtaje babu, baba yake baba, aliyeishi ng’ambo ya uzio wa matete. Kwa desturi ya kwetu mke haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani huacha njia na kuingia migombani, hujifunika khanga usoni, wala hali wala hakai alipo yeye. Wakati ule wengi walikwisha kulegeza. Wake wa baba zangu wadogo, wazaliwa wa palepale, walimpita babu wakiinamisha kichwa tu na kucheka. Mama hakulegeza hata kidogo, maana yeye alikuwa mgeni na mgeni ndiye anayetazamwa. Babu naye alimsaidia: kabla ya kukata kona yoyote alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu asiye na mafua, na mama alipokisikia alijua apite wapi. Watu hao wawili waliishi miaka zaidi ya kumi na miwili kwa kikohozi hicho. Mimi niliyajua yote hayo kama ninavyojua jua huchomoza upande wa milima. Kitu kimoja tu sikuwa nimewahi kukiunganisha na mengine.

Ilikuwa Jumamosi, imebaki wiki moja tu tuende kwenye mtihani. Mama alikuwa amefika shingoni mwa chungu kikubwa, na ng’ambo ya uzio babu alikuwa akipasua mianzi. Tulisikia kisu chake kikienda, trr, trr.

“Kumi na saba,” nikasema.

“Kumi na nane, mwanangu.”

“Kumi na saba, mama.”

“Tumpe, nimesema nenda mbele.”

Nikasimama. Nilisema kwa sauti, tena nilitaka isikike mpaka kwa shangazi ndani: “Unanificha! Hutaki niende. Unataka nibaki hapa nikupondee udongo mpaka nizeeke!”

Kisu cha babu kilikoma. Mama aliishusha kamba ya udongo magotini. Alitazama uzio, akanitazama mimi, kwa muda ambao hadi leo sijaacha kuupima. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya siku zote: “Kisa. Ni hadithi. Au mkasa. Andika.”

Akajifunika khanga uso mzima, akainuka, akaondoka kwa njia ya nyuma akiacha chungu hakina mdomo. Babu hakukohoa. Shangazi alitoka ndani mikono kichwani. “Mungu wangu! Wifi umemtaja baba! Umemtaja baba mwenyewe anasikia!”

Hapo ndipo nilipounganisha. Babu aliitwa Gwakisa. Sisi wajukuu tulimwita babu, watu wazima walimwita kwa jina la ukoo, na jina lake la ubatizo nililisikia kanisani tu. Mke hatamki jina la baba mkwe wala neno lolote lenye sauti yake, liwe kisa au kisawe, na mama hakubagua kama neno ni la Kinyakyusa au la kitabuni. Kumbe alikuwa amejifunza kuzunguka maneno maisha yake yote ya ndoa, na huo ndio ustadi aliokuwa akinifundisha kila jioni. Na mimi, sitadanganya, niliandika: hadithi, mkasa.

Mama alikwenda kwao ufukweni, akakaa siku sita. Hakuna aliyemfukuza wala kumtoza faini. Mchungaji mwenyewe alikuwa akihubiri kwamba mambo hayo yamepita. Alirudi na jogoo na chungu kipya, mjomba akavipeleka ng’ambo ya uzio kumwombea radhi. Babu aliniita. Aliongea kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, maana mama alikuwa nyuma ya jiko. “Mwambie mama yako namshukuru. Ndaga. Lakini mwambie siku ile mimi nilikuwa nimesinzia. Sikusikia kitu.” Nilikuwa nimekisikia kisu kikikoma. Huo ndio uongo pekee niliowahi kuugundua nikanyamaza.

Katika mtihani lile neno halikuwemo. Nilifaulu, nikasoma mpaka kidato cha nne, kisha nikaanza kuzunguka. Maji yakimwagika hayazoleki; sikumwomba mama radhi, naye hakuwahi kulirudia. Kilichobaki ni tabia. Kila mtu anaponitendea wema namtafutia sababu ya pili. Nimehama nyumba za watu waliokuwa wakinipenda tu. Na shangazi, aliyelelewa ndani ya desturi hiyo, alijua au hakujua alipokuwa akinichochea? Amekwisha kufa, na mimi bado namhoji.

Mwezi uliopita nilirudi Ipyana. Babu ni kaburi penye migomba, uzio wa matete umekuwa ukuta wa tofali, mama amezeeka, macho yamepungua ila mikono bado inafinyanga vidogo. Mtoto wa kaka yangu anajiandaa kwa mtihani wa kujiunga na shule, na maswali yako kwenye simu. Ukigusa, jibu linajitokeza bila kujali nani ameketi karibu. Hata hivyo anapenda kumuuliza bibi yake. Alikuwa akisoma moja baada ya jingine, mama akijibu haraka kuliko simu.

“Bibi, kisa?”

“Soma linalofuata,” mama alisema.

Mtoto aliinua macho akanitazama, na mtazamo ule niliujua. “Shangazi, bibi halijui hili?”

“Analijua,” nikasema. “Njoo.”

Nilimshika mkono nikampeleka mpaka ng’ambo ya ukuta, mbali na masikio ya mama, nikamwambia yote kwa sauti ya chini. Tulipokuwa tukirudi, kabla ya kukata kona, nilikohoa.