Kinyozi wa Nusu Mlango na Shomoro Wake

Saa moja asubuhi, Mama Wembe anapiga goti kibarazani mwa duka lake la kunyolea. Anafungua kufuli mbili, anashika ukingo wa mlango wa bati na kuuinua taratibu. Mlango huu hujikunja kwenda juu kama mkeka na kuingia ndani ya kasha la chuma. Lakini ukifika usawa wa kiuno anauachia hapo hapo, anauegemeza kwa kipande cha mbao, anainama na kuingia. Anatoka kinyumenyume akiburuta kiti.

Ndani ya kasha, juu ya kichwa chake, makinda ya shomoro yanapiga kelele.

"Wameamka na njaa," anasema huku akifuta kiti. "Hawa hata salamu hawanipi."

Mteja wa kwanza ni mzee aliyestaafu kuendesha malori. Hapa mtaani wanamwita Babu Dereva.

"Mama Wembe, nusu mlango ndiyo biashara gani? Watu wanadhani umefiwa."

"Nilifiwa zamani, babu, na kazi sikuacha. Kaa, uinue kidevu."

Ni kweli. Mume wake alipofariki alimwachia binti mmoja na mashine moja ya kunyolea. Kwa mashine hiyo amemsomesha binti, na kwa miaka kumi na minne amekuwa kinyozi wa mtaa huu, wa wazee na wa watoto.

Mambo yaliharibika alipokwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji. Duka lilifungwa mwezi mzima, na kwa shomoro mwezi ni muda mwingi. Ndege huyu hana haja ya msitu. Anafuata watu walipo, kisha anatafuta tundu: chini ya paa, nyuma ya bango, ndani ya bomba. Mlango ukiwa chini, kasha lile huwa tupu, kavu na lenye giza, tena paka halifikii. Wakalijaza majani makavu, nyuzi za magunia na vipande vya karatasi laini.

Siku aliyorudi, Mama Wembe aliuvuta mlango, akasikia sauti, akasita. Alipanda juu ya stuli na kumulika kwa tochi ya simu.

"Niliona midomo mitupu, imefunguliwa, pembeni ina rangi ya manjano. Hawakuwa hata na manyoya. Ningevuta kidogo tu zaidi, mlango ungewasaga wote. Nikasema, Mungu wangu, umeniweka kwenye mtihani gani tena?"

Mtihani ulikuwa mkubwa kuliko ndege. Alipokuwa hayupo, wateja walikuwa wamevuka barabara kwenda kwa Fashoni, kinyozi kijana mwenye viti vitatu na bango linalowaka taa. Kabla ya safari Mama Wembe alikuwa akinyoa vichwa ishirini kwa siku. Wiki ile ya kwanza havikufika vitano, maana mpita njia akiona bati liko chini anajua pamefungwa. Mwenye nyumba akamwambia wazi kwamba mwisho wa mwezi aseme kama anabaki na chumba au anakiachia.

Binti yake hakumung'unya maneno. "Mama, ni shomoro tu! Wako kila mahali. Zoa hayo majani, fungua duka."

"Wako kila mahali, nakubali. Lakini hawa wako mlangoni kwangu."

Fashoni naye alivuka barabara kuja kumwona. "Mama, usijitese. Kiti changu cha tatu hakina mtu. Njoo unyoe pale, tugawane."

"Nilimshukuru, kwa sababu hakusema kwa dharau," anakumbuka. "Lakini mtoto yule nilimnyoa mimi siku anaanza shule, akalia mpaka akanitapikia. Leo niende kumwita bosi?"

Aliomba, akalala. Asubuhi akaamua kwamba kama duka halionekani, basi yeye ataonekana. Akatoa kiti nje, akatundika kioo kwenye msumari wa ukutani, akavuta waya wa umeme kutoka ndani.

Kukaa kibarazani kutwa kulimfanya awajue wapangaji wake. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni, kama mtu aliyenyolewa ndevu nusu. Jike ni la kahawia tupu, na halina makuu. Wanalisha kwa zamu. Kwanza Mama Wembe aliwawekea wali, akashangaa kuona wazazi wanakula wenyewe na kuruka tena mbali kutafuta viwavi na nzi.

"Nilidhani shomoro ni wa nafaka tu. Kumbe mkubwa anakula nafaka, mtoto anataka nyama. Nilikuwa nampikia mgonjwa mlo usio wake."

Mchana kukiwa na jua wanaoga vumbi ukingoni mwa barabara, wanajitifua kisha wanajikung'uta. Wateja walianza kusimama kutazama, na aliyesimama aliambiwa akae. Siku moja dume lilishuka, likazoa shungi la nywele chini ya kiti na kuingia nalo kwenye kasha.

"Nywele zangu zimepata nyumba kabla yangu!" alipiga kelele mteja mmoja, fundi rangi. Kibaraza kizima kikacheka, na mtaani pakaitwa kwa kinyozi wa nusu mlango.

Mama Wembe hakucheka sana. Makinda yalikuwa yameshaota manyoya, ya nini tena kutandika? Akaelewa kwamba wanaandaa uzazi mwingine. Asipokuwa macho, mwaka mzima mlango utabaki nusu.

Jumanne iliyofuata asubuhi ile ya Babu Dereva, makinda yalitoka moja baada ya jingine, yakakaa kwenye waya yakitetemesha mabawa na kudai chakula. La mwisho lilipotoka, Mama Wembe alipanda stuli, akamulika kila pembe, akaondoa kiota na kuziba mwanya wa kasha kwa wavu wa chuma. Kisha akauvuta mlango mpaka juu kabisa.

Dume lilirudi na nywele mdomoni. Likazunguka, likaugonga wavu mara mbili, likavuka barabara na kuingia ndani ya herufi ya mwisho ya bango la Fashoni.

Haikupita saa moja, kijana akaja mbio. "Shangazi, nikiwasha taa si wataungua?"

"Leo umekuwa mpwa wangu? Zima herufi hiyo tu. Hawakai sana."

"Jina langu litasomekaje?"

"Wanaokujua watafika."

Jioni ile herufi ilikuwa giza.

Mwenye nyumba ameshapewa jibu: chumba hakiachwi. Vichwa vimerudi kuwa ishirini, na Jumamosi vinazidi. Mama Wembe anataka kujenga kibanda cha mabati mbele ya duka na kununua kiti cha pili, na binti yake amekubali kuanza kunyoa hapo.

Mlango sasa uko wazi wote na ndani pamefagiliwa. Mteja anayefika anataka kupita.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" anamuuliza, na kupiga kofi kiti cha kibarazani. "Kaa hapa wakuone. Ndani tutaingia mvua ikinyesha."