Vibonye vya Baba

Nafundisha fizikia sekondari hapa Milanzi, na wakati wenzangu wanafuma vitambaa, mimi natengeneza kibodi za kompyuta. Naagiza swichi, zile zinazokaa chini ya kila kibonye, nazifungua moja moja, napaka grisi kwa brashi ndogo ya rangi, nabadilisha springi, nalehemu, kisha nabonyeza na kusikiliza. Isipolia ninavyotaka, nafumua yote naanza upya. Dada yangu anasema hiyo ni kazi ya mtu asiye na watoto. Ana ukweli wake.

Tuna kikundi chetu kwenye simu, watu wa mikoa tofauti, tunatumiana sauti tulizorekodi. Siku nilipojitambulisha kuwa natokea Sumbawanga, mji unaosemwa kwa uchawi, mmoja aliuliza kama kibodi za kwetu hujiandikia zenyewe. Nilicheka pamoja nao. Siku hizi utani huo siuchekei.

Baba alifariki mwezi wa tano, baridi ikiwa imeanza. Alikuwa karani, na alipostaafu aliendelea kuchapa barua za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa mashine nyeusi ya chapa ambayo alikataa katakata kuiacha. Mimi mwenyewe nilijifunzia kuchapa kwenye mashine hiyo, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Baada ya mazishi mama alikifunga chumba, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Nyumbani kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakae wavigawe. Kitu kikitoka kabla ya siku hiyo, wazee wanasema mwenyewe haondoki, anabaki kukitafuta. Nilijua hayo tangu utotoni kama nilivyojua sala za asubuhi.

Hata hivyo niliiba. Sina neno jingine. Mama alinipa ufunguo nikatafute kitambulisho cha baba ili tufuatilie cheti cha kifo, na nikiwa humo ndani niliviona vile vibonye vya duara, herufi zimefutika kwa vidole vyake. Niliving'oa vyote kwa bisibisi nikavitia mfukoni mwa sweta, kisha nikaifunika mashine kwa kitambaa chake. Nilijiambia kwamba vitu vidogo namna ile havina mgao.

Kibodi ile ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Kisanduku kilikuwa cha mninga, bamba la kushikia swichi nililikata kwenye sanduku langu la bati la bweni, na sponji ya kuzuia mwangwi sikuiweka kabisa. Vibonye vya baba nilivigundisha kimoja kimoja. Meza yangu imeegemea ukuta wa chumba chake. Nilipochapa mstari wa kwanza, nywele zilinisimama. Ulikuwa mlio wake, mkavu, wa bati, na kile kituo kifupi kabla ya neno refu, ambacho nacho nilikirithi kwake. Nilichapa mtihani mzima wa kidato cha pili huku nalia. Nilifurahi pia, nisidanganye.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Alikuwa anaongea na mlango kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, sauti ya mke na mume. Pembeni yake palikuwa na sahani ya ugali wa ulezi, imefunikwa.

"Shikamoo, mama. Chakula hicho cha nani?"

"Marahaba. Cha baba yako. Anafanya kazi tangu jana, hajala."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba mchapaji ni mimi. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na mimi niliogopa kuitwa mwizi wa vitu vya maiti. Niliacha kuchapa kwa siku mbili. Mama akasema baba amenuna, naye mwenyewe akagoma kula. Nikachapa tena, naye akarudi na sahani mlangoni. Chakula alichompelekea kilikuwa sehemu yake mwenyewe, na alikonda mbele ya macho yangu. Ulezi ulikuwa umeiva shambani, yeye hatoki nyumbani.

Baba mdogo alikuja kutoka Kaengesa kupanga siku ya kugawa.

"Shemeji," mama alimwambia, "utagawaje vitu vya mtu ambaye bado anavitumia?"

Nilimsindikiza baba mdogo hadi barabarani. "Mama yako anaisha," alisema. "Kuna kitu kimetoka chumbani humo. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikasema sijui lolote. Nilijichukia njia nzima ya kurudi.

Asubuhi mama aliposhindwa kuinua ndoo ya maji, nilimpelekea kibodi jikoni nikamwekea mapajani.

"Mama, ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nachapa." Nikachapa asikie.

Alipitisha kidole juu ya vibonye. Alivitambua. Kisha akauliza, "Na Jumanne?"

"Jumanne ipi?"

"Ulipokwenda Mtowisa kwenye semina. Alichapa kutwa nzima. Nilimpelekea uji."

Jumanne ile kibodi ilikuwa ndani ya begi langu, pamoja na kompyuta, nikirushwa nayo kwenye barabara mbovu ya bondeni. Nililala huko, nikarudi Jumatano nimejaa vumbi. Nyumbani alibaki mama peke yake. Ningeweza kumwambia kwamba sijui alisikia nini. Ndilo lililokuwa kweli, na nikimtazama machoni niliona ndilo analoliomba, ili baba abaki. Nikaitazama pia mikono yake, mifupa mitupu.

"Hata siku hiyo ni mimi," nilisema. "Niliacha sauti niliyorekodi kwenye kompyuta, ikawa inajirudia."

Mama hajui mambo ya kompyuta. Aliamini.

"Kumbe," akasema. "Kumbe alikufa kweli."

Alilia kilio ambacho hakukilia makaburini, nami nilimshika mpaka kikaisha. Mchana alikula. Nilivirudisha vibonye kwenye mashine kwa gundi, kimoja kimoja, bila kukipa mgongo kiti cha baba.

Ndugu walikaa Jumamosi. Makoti yaligawiwa, na redio, na mashine. Mwishoni baba mdogo alisimama mlangoni mwa chumba kitupu akauliza kama yupo mwenye neno lolote lililobaki, alitoe kabla hawajatawanyika. Mama alinigeukia na kunikazia macho.

Niliikumbuka ile Jumanne, nikasema hakuna.