Sanduku Liondoke, Mtu Abaki

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyoingia kazini Tabora kichwa kikiwa juu, na kufika saa nne nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa binti mbichi kutoka chuoni, fundi wa kompyuta katika hospitali yenye zahanati zake Sikonge, Nzega na Bukene.

Kompyuta kuu iliyobeba barua pepe ilikuwa imejaa. Wauguzi wa zahanati hawakuwa na haja na barua zile, ila majina yao ya kuingilia waliyatumia kila siku kufungua mafaili ya wagonjwa. Mzee Kapama, mkuu wangu, akaniagiza, "Ondoa masanduku yao ya barua. Wao wenyewe wasiguswe. Na ujaribu kwanza kwa mmoja."

Mwenda pole hajikwai, lakini mimi nilikuwa na mbio za msomi. Skrini ilinipa njia mbili: kutenganisha sanduku na mtumiaji, au kufuta. Nikaona kufuta ndiko kumaliza kazi. Nikawachagua wauguzi wote kwa pamoja, nikabonyeza. Sikujua kwamba kufuta kunachukua sanduku pamoja na jina la mwenyewe la kuingilia.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa Mama Yunisi, mkunga wa Sikonge, umri wa mama yangu. Hakungoja hata shikamoo yangu.

"Mwanangu, mashine inasema hainijui. Nina mzazi hapa anatoka damu, na kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Imeandikwa kwenye faili lake. Nifungulie."

Ningeweza kusema mtandao umekatika, na nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. Nikakimbia kwa Mzee Kapama.

"Mzee, nimewafuta wote, na Mama Yunisi wa Sikonge ana mzazi anatoka damu, faili halifunguki."

Hakupaza sauti. Alinipeleka kwa daktari wa zamu, ambaye alilifungua faili kwa jina lake mwenyewe la kuingilia, akamsomea Mama Yunisi jina la dawa ile kwenye simu. Ndipo mzee akanigeukia. "Uliona majina, hukuona watu. Haya, kaa tuwarudishe."

Kumbe waliofutwa huhifadhiwa siku chache kabla ya kupotea kabisa. Tukawarudisha mmoja mmoja. Kisha nikaanza upya, safari hii kwa sanduku langu mwenyewe. Nikalitenganisha, nikajaribu kuingia kwa jina langu, nikaingia. Hapo tu ndipo nilipogusa la mwenzangu. Kufika alasiri masanduku yote yalikuwa yameondoka, kompyuta kuu imepata nafasi, na hakuna muuguzi hata mmoja aliyefungiwa nje.

Mama Yunisi akapiga tena. "Nimeingia, mwanangu. Na yule mzazi kapata binti. Wote wazima."

Nilipiga vigelegele mpaka akina mama wa kwenye foleni wakaitikia, wala hawakujua tunashangilia nini. Mzee Kapama, mtu mgumu wa kucheka, siku ile alicheka. Tangu hapo funguo za chumba cha kompyuta kuu zilikaa kwangu, hadi nilipostaafu.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi ya kuondoa, uliza kwanza kinachotakiwa kubaki. Jaribu kwa kilicho chako kabla hujagusa cha mwenzio. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lina dawa. Mungu akupe mkono mwepesi wa kurekebisha na moyo usioogopa kukiri, na kazi yako iwafae hata wasiokujua.